Sehemu Si Kipande: Uhakiki wa Maelekezo ya Kukata na Kuunga Mafaili

Utangulizi

Katika idara zetu za Kiswahili kuna aina ya maandishi ambayo hayajapata kuhakikiwa, ingawa pengine yana wasomaji wengi kuliko tahakiki zetu za riwaya. Hayo ni maelekezo ya kompyuta: karatasi ya ukurasa mmoja au miwili inayobandikwa mlangoni mwa maabara, au inayopitishwa kutoka kwa mhadhiri mmoja hadi kwa mwingine, ikieleza namna ya kufanya kazi fulani. Makala haya yanatazama maelekezo ya kazi moja tu, yaani kukata faili kubwa kuwa mafaili madogo na baadaye kuyaunga tena. Tumesoma karatasi kadhaa za namna hiyo zilizoandikwa kwa Kiswahili kwa ajili ya walimu na wanafunzi wa lugha, hapa Uganda na kwa majirani zetu. Hatuwataji waandishi wake kwa kuwa shabaha yetu ni lugha, si watu.

Hoja yetu ni kwamba maelekezo hayo hayakwami kwa sababu Kiswahili kimepungukiwa na maneno. Yanakwama kwa sababu waandishi wametosheka na neno moja kwa kazi nyingi, wakaziacha tofauti ambazo Kiswahili kinazo tangu zamani. Huenda msomaji akaona kuwa hili ni jambo dogo la istilahi. Sivyo. Katika taaluma yetu, faili kubwa mara nyingi ni rekodi ya mzee anayesimulia, utendi unaoghanwa, au picha ya ukurasa wa mswada uliochakaa. Msomaji akiyaelewa maelekezo vibaya, kinachopotea hakirekodiwi mara ya pili.

Kwa nini kazi hii ingalipo

Wapo watakaosema kwamba kukata mafaili ni kazi ya zama za disketi na kwamba imekwisha. Ni kweli kwamba ilianza kwa dhiki ya disketi. Disketi ya kawaida ya inchi tatu na nusu ilikuwa na nafasi ya baiti 1,457,664 kwa mtumiaji. Sauti ikirekodiwa kwa kiwango cha sidii, bila kubanwa, hula baiti 176,400 kwa kila sekunde, yaani takriban megabaiti 635 kwa saa moja. Kuihamisha saa hiyo moja kwa disketi kungehitaji disketi 436. Hakuna aliyefanya hivyo kwa hiari, lakini wengi walikata mafaili ya megabaiti tano au kumi na kuyasafirisha kwa disketi kadhaa. Programu kama HJSplit zilitumika kwa kazi ya namna hiyo.

Disketi zimekwenda, mipaka imebaki. Flashi nyingi bado zimeandaliwa kwa mfumo wa FAT32, na mfumo huo haupokei faili moja linalofikia gigabaiti 4, hata kama flashi ina nafasi ya gigabaiti 32. Video ya tamthilia nzima iliyoigizwa na wanafunzi hupita kiwango hicho kwa urahisi. Barua pepe nayo ina mpaka wake. Gmail, kwa mfano, inaruhusu viambatisho vya hadi megabaiti 25, na kwa kuwa kiambatisho hugeuzwa kuwa maandishi kabla ya kusafiri, kila baiti tatu zikiwa herufi nne, faili lenyewe linatakiwa liwe dogo zaidi ya hapo. Ukurasa mmoja wa A4 ukipigwa picha ya rangi kwa nukta 300 kwa inchi, bila kubanwa, unafikia baiti milioni 26. Maana yake ni kwamba ukurasa mmoja tu wa mswada unatosha kukataliwa na barua pepe. Tukiongeza mtandao unaokatika na vifurushi vinavyokwisha kabla faili halijafika, tunaona kwamba kazi hii bado inahitaji kufundishwa, na kufundishwa vizuri.

Kosa la kwanza: “kupunguza ukubwa”

Karatasi nyingi tulizozisoma zina kichwa kama “Namna ya kupunguza ukubwa wa faili”. Kichwa hicho ni cha kazi nyingine. Kubana faili ni kulifanya litumie baiti chache zaidi. Kulikata ni kuziacha baiti zote zilivyo na kuzitenga katika makundi. Faili la megabaiti 100 likikatwa mara kumi, tunapata mafaili kumi ya megabaiti 10, na jumla yake ni ileile. Anayelipia mtandao atalipia kiasi kilekile.

Mwanafunzi aliyesoma kichwa hicho hukata faili lake, kisha hushangaa kuona flashi haijapata nafasi hata kidogo. Mbaya zaidi, huenda akalifuta faili asilia akiamini kwamba sasa analo “dogo” lake. Kiswahili kina kitenzi bana, nacho kimekwisha kuzoeleka katika kompyuta kwa maana hiyo. Tukitumie mahali pake, na tusikilazimishe kitenzi punguza kubeba kazi mbili zisizofanana.

Kosa la pili: “sehemu”

Hili ndilo kosa kubwa kuliko yote, na ndilo lililotupa kichwa cha makala haya. Karibu kila karatasi inaviita vinavyopatikana baada ya kukata “sehemu”: sehemu ya kwanza, sehemu ya pili, na kadhalika. Kwa mwanafunzi wa fasihi, sehemu ni neno lenye maana kamili. Riwaya ina sehemu, sehemu ina sura, sura ina aya. Sehemu ya pili ya riwaya inaweza kusomwa peke yake, hata kama msomaji atakuwa amekosa mwanzo wa kisa. Hivyo basi, mwanafunzi aliyepokea “sehemu ya tatu” ya rekodi hutarajia kuifungua na kuisikiliza. Isipofunguka, huiona mbovu na kuifuta.

Ukweli ni kwamba programu ya kukata haijui sura wala aya. Inahesabu baiti, na hesabu ikitimia inakata papo hapo, hata iwe katikati ya neno. Faili la sauti la aina ya WAV lina baiti chache mwanzoni, mara nyingi 44, zinazoieleza kompyuta kwamba hii ni sauti, ina mikondo mingapi na inakwenda kwa kasi gani. Baiti hizo zinabaki katika kipande cha kwanza. Cha pili na cha tatu vina sauti ndani yake, lakini havina maelezo hayo, hivyo mashine haivitambui. Faili la maandishi la docx lina tabia nyingine. Kwa ndani, faili hilo ni mkoba wa mafaili mengi yaliyobanwa, na orodha ya yaliyomo iko mwishoni. Kipande cha kwanza hakifunguki kwa sababu kimekosa orodha iliyo katika kipande cha mwisho.

Faili la MP3 ndilo linalowapotosha watu. Limejengwa kwa vijisehemu vingi vifupi, kila kimoja na maelezo yake, na kwa hiyo kipande chake mara nyingi husikika hata kikiwa peke yake. Mtu aliyejaribu kwa MP3 huhitimisha kwamba mafaili yote yako hivyo, na huandika maelekezo yake kwa msingi huo.

Walimu wa lugha tunaweza kulionyesha jambo hili kwa mfano ulio karibu nasi zaidi. Tuchukue neno ng’ombe katika faili la maandishi matupu. Ritifaa iliyonyooka, ile ya taipureta, huchukua baiti moja. Lakini programu nyingi za kuandikia huibadilisha ikawa ritifaa iliyopinda, nayo katika mfumo wa UTF-8 huchukua baiti tatu. Kisu cha programu kikipita kati ya baiti hizo, kipande cha kwanza kitaishia kwa ng na alama isiyosomeka, na cha pili kitaanza kwa takataka kisha ombe. Maandishi ya Kiswahili kwa hati za Kiarabu yamo hatarini zaidi, kwa sababu karibu kila herufi yake huchukua baiti mbili, na kisu kinaweza kuikata herufi yenyewe vipande viwili. Hata hivyo, hakuna kilichoharibika. Vipande vikiungwa kwa mpangilio wake, baiti hukutana tena na ng’ombe hurudi kuwa ng’ombe. Anayevuruga kazi ni yule anayeifungua sehemu iliyokatwa, akaiona takataka ile, akaifuta ili “kusafisha”, na kuhifadhi upya.

Kwa sababu hizo tunapendekeza neno kipande. Kipande cha mkate si mkate mdogo, na kipande cha chungu hakipikiwi. Neno lenyewe linamwonya msomaji kwamba alicho nacho hakijatimia. Wapo watakaokumbusha kwamba kipande kina maana nyingine, na kwamba Kenya ya wakati wa ukoloni ilikijua kama hati waliyolazimishwa kubeba wafanyakazi Waafrika. Maana hiyo ni ya historia na haitagongana na yetu katika karatasi ya kompyuta. Neno sehemu na libaki kwa mgawanyo wenye maana, ambao tutaurejea hapa chini.

Kosa la tatu: vitenzi viwili kwa kazi zote

Karatasi tulizozisoma zinategemea vitenzi viwili tu: gawanya na unganisha. Hebu tuitazame sentensi hii tuliyoikuta katika mojawapo: “Gawanya faili kwa wanafunzi kumi.” Je, kila mwanafunzi apewe nakala nzima, au faili likatwe mara kumi na kila mmoja apewe kipande chake? Sarufi haikatai tafsiri yoyote kati ya hizo. Ugumu huo unaongezeka kwa mwanafunzi anayezungumza Luganda, kwa sababu katika lugha yake okugaba ni kutoa au kugawia watu, na okugabanya hutumika kwa kugawa vitu baina ya watu. Akikutana na gawanya, maana ya kugawia ndiyo inayomjia kwanza. Kukata kwake ni okusala, neno ambalo kwa Kiswahili linampeleka msikitini au kanisani. Mwandishi wa maelekezo anayewajua wasomaji wake hawezi kuupuuza ujirani huu wa lugha.

Kitenzi kata chenyewe kina shida. Katika programu zilizotafsiriwa kwa Kiswahili tumezoea safu ya “kata, nakili, bandika”, ambamo kata ni kuondoa kitu kilipo ili kukipeleka kwingine. Tukiandika “kata faili”, baadhi ya wasomaji watalihamisha. Lakini Kiswahili kina dawa ya jambo hili katika urudufishaji. Mpishi hakati nyama, huikatakata. Anayekatakata anajulikana kwamba anakusudia vipande vingi vya kitu kimoja, na hakuna programu iliyolichukua neno hilo kwa kazi nyingine. Kuna “kukataa katakata” pia, lakini hapo ni kielezi na muktadha hauruhusu kuchanganyikiwa.

Kwa upande wa kuunga hali ni hiyohiyo. Unganisha hutumika kwa umeme, kwa maji, kwa simu na kwa mtandao. Ukimwambia mwanafunzi “unganisha kwanza”, atatafuta waya au nywila. Kwa mofolojia, kitenzi hiki ni unga kilichoongezewa viambishi vya kutendana na kutendesha, na maana yake ni kuvifanya vitu viungane. Si kosa kukitumia kwa vipande, ila kimekwisha kuelemewa na kazi nyingine. Unga, kwa upande wake, kiko wazi zaidi. Tunaunga mfupa uliovunjika, tunaunga kamba iliyokatika. Katika matumizi hayo kuna wazo kwamba kitu kilikuwa kimoja tangu awali na kinarudishwa kuwa kimoja. Hiyo ndiyo kazi yenyewe. Mtandao tunauunganisha, vipande vya faili tunaviunga.

Tunayasema haya tukijua kwamba Kiswahili kimewahi kufanikiwa sana katika uwanja huu. Jozi ya pakia na pakua ilitoka bandarini na jikoni ikaingia katika kompyuta bila kumsumbua mtu, kwa sababu viambishi vyake vinaonyesha wazi kwamba kazi moja huitengua nyingine. Funga na fungua vivyo hivyo. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulipotoa programu ya Jambo OpenOffice mwaka 2004, ulithibitisha kwamba programu nzima ya ofisi inaweza kuzungumza Kiswahili. Mtaji tunao. Tatizo la karatasi zetu ni kwamba mtaji huo haujatumika.

Kosa la nne: mpangilio haukuelezwa

Karatasi nyingi zinasema “unganisha sehemu zote” na kuishia hapo. Hazisemi kwamba vipande lazima viungwe kwa mpangilio uleule, wala haziwaelezi wasomaji namna kompyuta inavyopanga majina. Programu nyingi hupanga majina kwa herufi, si kwa thamani ya namba. Ukiviita vipande vyako kipande1, kipande2, hadi kipande10, utaratibu wa herufi utakiweka kipande10 mara baada ya kipande1, kabla ya kipande2. Faili litaungwa, ukubwa wake utakuwa sahihi hadi baiti ya mwisho, na bado litakuwa bovu. Ukubwa unathibitisha kwamba hakuna kilichopungua. Hauthibitishi kwamba kila kitu kiko mahali pake.

Dawa ni kuanza na sifuri: kipande01, kipande02, hadi kipande10. Programu nzuri hufanya hivyo zenyewe. HJSplit na 7-Zip hutoa majina yanayoishia kwa 001, 002 na kuendelea. Amri ya split katika Linux hutumia herufi: xaa, xab, xac. Kwa hiyo maelekezo yanapaswa kumkataza msomaji kubadilisha majina ya vipande, na katazo hilo hatukuliona katika karatasi hata moja. Mwanafunzi mwenye nia njema huyabadilisha ili yawe mazuri, na hapo ndipo anapoliharibu faili.

Aidha, wanaotumia amri ya copy katika Windows wanatakiwa kuambiwa wasiisahau alama ya /b. Bila hiyo, amri huvichukulia vipande kuwa maandishi, na ikikutana na baiti fulani ambayo zamani iliashiria mwisho wa maandishi, huacha kusoma kipande hicho. Faili linaungwa likiwa pungufu, na wala hakuna onyo lolote.

Kosa la tano: methali isiyofaa

Karatasi moja ilianza kwa methali, kama ilivyo desturi yetu: haba na haba hujaza kibaba. Inapendeza kusikia, lakini inafundisha kinyume cha kinachotakiwa. Kibaba kilichojaa robo tatu bado ni chakula. Vipande tisa kati ya kumi vya faili lililobanwa kisha likakatwakatwa mara nyingi si chakula kabisa. Kama methali ilihitajika, kidole kimoja hakivunji chawa ingefaa zaidi, kwa kuwa inasema wazi kwamba pasipo wenzake, kimoja hakifanyi kazi.

Lililo nyuma ya methali hiyo ni kosa zito zaidi: karatasi hazisemi lolote kuhusu kukagua. Programu ya kukokotoa alama ya utambulisho, kwa mfano ile ya SHA-256, hulisoma faili zima na kutoa mfuatano wa herufi na tarakimu 64. Baiti moja ikibadilika au vipande viwili vikipishana, mfuatano huo unakuwa mwingine kabisa. Linux ina amri ya sha256sum, na Windows ina certutil. Mtumaji huikokotoa alama kabla ya kukata na kuituma pamoja na vipande, naye mpokeaji huikokotoa baada ya kuunga. Alama zikifanana, faili ni lilelile. Mhakiki wa matini anayelinganisha nakala mbili za mswada mstari kwa mstari anaijua kazi hii. Tofauti ni kwamba hapa mashine huimaliza kwa muda mfupi. Tunashangaa kwamba watu wa taaluma yetu, ambao hatukubali toleo la utendi bila kuulinganisha na nakala nyingine, tumelipokea faili lililoungwa bila kuuliza swali lolote.

Sifa zinazostahili

Haitakuwa haki kutaja makosa peke yake. Karatasi zote tulizozisoma zimeandikwa kwa Kiswahili, na waandishi wake wangeweza kunakili maelekezo ya Kiingereza na kuondokana na usumbufu. Sentensi zao ni fupi na hatua zimepewa namba. Mmoja wao ameweka sentensi ambayo tungependa kuiona katika kila karatasi: “Usifute faili la asili mpaka uwe umelisikiliza lililoungwa.” Sentensi hiyo imetumia lugha ya kila siku na imelinda rekodi kuliko istilahi zote tulizozijadili. Tungeongeza tu kwamba kusikiliza dakika mbili za mwanzo hakutoshi, maana kipande kilichopishana huenda kiko katika dakika ya arobaini.

Tungeandikaje?

Mhakiki anayekosoa bila kuonyesha njia huwa hajamaliza kazi. Tunatoa hapa maelekezo mafupi kwa kutumia maneno tuliyoyapendekeza. Mfano ni rekodi ya megabaiti 120 inayotakiwa kwenda kwa barua pepe.

(i) Kokotoa alama ya utambulisho ya faili zima na uiandike mahali.
(ii) Likatekate faili kuwa vipande vya megabaiti 15. Utapata vipande 8. Jumla yake ni sawa na faili asilia, hujabana chochote.
(iii) Usibadilishe jina la kipande chochote. Usijaribu kukifungua kipande kikiwa peke yake.
(iv) Tuma kila kipande kwa barua yake, na katika kila barua taja idadi ya vipande vyote na alama ya utambulisho.
(v) Mpokeaji avihesabu vipande. Kikipungua kimoja, aombe hicho tu. Hakuna haja ya kutumiwa vyote upya.
(vi) Aviweke vyote katika folda moja na kuviunga kwa mpangilio wa namba zake. Faili linaloungwa lipewe jina jipya, ili lisije likaandikwa juu ya faili jingine.
(vii) Akokotoe alama ya faili lililoungwa na kuilinganisha na ile aliyotumiwa.
(viii) Alama zikifanana, na si kabla ya hapo, vipande vinaweza kufutwa. Faili asilia libaki kwa mtumaji.

Msomaji ataona kwamba hakuna neno hata moja hapo linalohitaji kamusi maalumu.

Pale ambapo kisu hakifai

Lipo swali la mwisho ambalo karatasi zetu hazikuliuliza: je, faili hili linastahili kukatwakatwa kwa baiti? Kukata kwa baiti ni njia ya kusafirishia. Kama lengo ni kufundishia au kuhifadhi, mgawanyo unaofaa ni ule wa maana, na hapo ndipo neno sehemu linapostahili. Rekodi ya saa tatu yenye hadithi tano igawanywe kwa programu ya kuhariri sauti kuwa mafaili matano, kila hadithi na lake. Kitabu kilichopigwa picha kigawanywe kwa sura. Kila sehemu itafunguka peke yake, itapewa jina lake, na ikipotea moja, nyingine zitabaki na thamani yake.

Tofauti hii ina uzito katika kazi ya kuhifadhi. Orodha ya mkusanyo wa Dar es Salaam iliyotayarishwa na J. W. T. Allen na kuchapishwa mwaka 1970 inataja miswada ya Kiswahili na ya Kiarabu pamoja na kanda za sauti. Mikusanyo ya namna hiyo inasomeka leo kwa sababu kila kitu kiliorodheshwa kama kitu kizima chenye jina. Tujiulize atafanya nini mtafiti wa miaka hamsini ijayo akikuta katika maktaba yetu flashi yenye mafaili saba yanayoishia kwa 001 hadi 008, huku namba 005 haipo. Atajua kwamba palikuwa na kitu, na hataweza kukisikia.

Hitimisho

Katika makala haya tumejaribu kuonyesha kwamba maelekezo ya kompyuta ni matini kama matini nyingine, na yanastahili jicho la mhakiki. Tumeona kwamba bana si katakata, sehemu si kipande, na kuunganisha si lazima kuwe kuunga. Tofauti hizi hatukuzibuni sisi. Zimo katika lugha inayozungumzwa jikoni, shambani na kwa mganga wa mifupa.

Tunawashauri walimu wa darasa la tafsiri na la istilahi walitumie zoezi hili: wanafunzi waandike maelekezo ya kukatakata na kuunga faili, kisha wanafunzi wa kundi jingine wayafuate neno kwa neno, bila kuongezewa maelezo ya mdomo. Faili likirudi zima, alama zikafanana, maelekezo yamefaulu. Likirudi bovu, kundi zima likae litafute ni neno gani lililolivunja. Tunawakaribisha wasomaji watuletee maelekezo yao, pamoja na maneno wanayoyatumia mahali walipo, ili yajadiliwe katika matoleo yajayo.